Programu za baada ya shule Marekani: maswali ya wazazi wanaozungumza Kiswahili

Majibu haya ni kwa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili walioko Marekani, hasa familia za Wakongomani na Warundi zilizopitia Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Kyangwali na kambi nyingine kabla ya kufika Louisville, Houston, Des Moines, Boise, Aurora na miji mingine mingi. Katika mwaka wa bajeti wa 2023 peke yake Wakongomani zaidi ya 18,000 walipokelewa Marekani kama wakimbizi, wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Watoto wao sasa wako madarasani. Maswali yaliyo hapa ndiyo wazazi wanayoniuliza baada ya ibada, kwenye chumba cha kufulia nguo, au kwa simu usiku mtu anapotoka kazini. Kila jimbo lina taratibu zake, kwa hiyo mambo ya jimbo lako yathibitishe shuleni.

Programu ya baada ya shule ni kitu gani? Ni tuisheni?

Hapana, ingawa masomo yamo. Tuisheni tuliyoizoea ni mwalimu, ubao, mtihani wa taifa unaokaribia, na mzazi anayelipa. Hapa vipindi vinapoisha, saa nane au saa tisa alasiri kutegemea shule, mtoto anabaki kwenye jengo lilelile au anapelekwa kituo cha karibu hadi kama saa kumi na mbili jioni. Anakula kitu, anafanya kazi za nyumbani akiwa na mtu wa kumsaidia, kisha kuna michezo, kuchora, kompyuta, muziki au kusoma vitabu. Waendeshaji ni shule zenyewe, mashirika ya watoto na vijana kama YMCA na Boys & Girls Clubs, maktaba za umma, mashirika yanayopokea wakimbizi, makanisa, misikiti, na mara nyingine vyama vya jumuiya zetu wenyewe.

Wazazi wengine huona haya, wakidhani ni sadaka ya watu walioshindwa kulea. Naomba wajue historia yake. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House huko Chicago, katikati ya mtaa wa Waitalia, Wajerumani, Wagiriki na Wayahudi waliotoka Urusi. Wazazi walikuwa viwandani kutwa nzima, watoto wako barabarani. Pale watoto walipata chekechea, vilabu vya wavulana na wasichana, na watu wazima walipata masomo ya jioni. Kwa sehemu kubwa kazi hii ilianza kwa ajili ya watoto wa wahamiaji. Mtoto wako anapoingia kwenye kituo kama hicho hapokei kitu kilichokusudiwa mtu mwingine.

Binti yangu mkubwa anawaangalia wadogo zake vizuri tu. Kwa nini niwapeleke kwingine?

Hili ndilo swali ninalolijibu kwa urefu kuliko yote, kwa sababu ndipo ninapoona tunapoteza zaidi.

Tazama siku ya binti huyo. Mama na baba wako kwenye kiwanda cha nyama, ghala au usafi wa hoteli, shifti ya pili, inayoanza saa tisa alasiri na kuisha saa tano usiku. Yeye ana miaka 13. Anawapokea wadogo zake watatu kituoni pa basi, anafungua mlango, anapika, anaogesha, anatuliza ugomvi, anasoma barua iliyoletwa na posta na kujaribu kuielewa. Wakishalala ndipo anafungua madaftari yake. Kulea wadogo ni heshima kwetu na mimi sitaki mtoto asiyejua kushika mdogo wake. Lakini kule nyumbani alilea akiwa na bibi, shangazi na majirani wanaopita uani. Hapa yuko peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na moto ukishika jikoni hakuna wa kumwita ila namba 911 kwa lugha anayojifunza.

Halafu kuna shule yake. Kuanzia darasa la tisa kila somo lina krediti zake, yaani pointi za kumaliza sekondari, na alama anazopata zinaandikwa kwenye rekodi ambayo chuo kikuu kitaisoma. Klabu ya sayansi, timu ya mpira, kujitolea, vyote hivyo huwa baada ya vipindi, wakati yeye anakimbilia basi. Kaka yake wa miaka 15 mara nyingi anaruhusiwa kubaki kwenye mpira. Yeye haruhusiwi. Wazazi wengi hawajakaa kulitazama hili, wala hawana nia mbaya. Ni shifti zimepangwa hivyo.

Kuna pia suala la sheria. Majimbo mengi hayajaandika umri wa chini wa kumwacha mtoto peke yake, lakini machache yameandika. Maryland, kwa mfano, mtoto wa chini ya miaka 8 hawezi kuachwa bila mtu mwenye angalau miaka 13. Na popote pale, ofisi ya ulinzi wa watoto inaweza kuingilia ikiona watoto wako hatarini.

Si lazima ubadilishe kila kitu kwa siku moja. Waandikishe wadogo hata kwa siku tatu za juma. Siku hizo tatu mwache mkubwa abaki shuleni kwenye kitu anachokipenda.

Mtoto wangu anaongea Kiingereza kama waliozaliwa hapa. Bado anahitaji msaada?

Huenda ndiyo. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, alionyesha miaka mingi iliyopita kwamba Kiingereza cha uwanjani huja kwa mwaka mmoja hadi miwili, lakini Kiingereza cha kitabu cha sayansi na cha kuandika insha huchukua miaka mitano hadi saba, na zaidi kwa mtoto ambaye masomo yake yalikatika njiani. Ndiyo maana unamsikia akicheka na wenzake kwa simu, halafu ripoti ya shule inakuja na alama za chini. Si mvivu. Anahitaji mtu wa kukaa naye juu ya ukurasa huohuo, pole pole, na saa za baada ya shule ndizo zenye nafasi hiyo.

Ni bei gani?

Inategemea mwendeshaji. Zile zinazofadhiliwa na mfuko wa serikali kuu uitwao 21st Century Community Learning Centers kwa kawaida ni bure au hutoza kidogo sana. Bunge limekuwa likiutengea takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Fedha hupitia kwenye jimbo, jimbo hushindanisha maombi ya shule na mashirika, na wanaotangulizwa ni wanaohudumia watoto wa familia za kipato cha chini. Kwa hiyo inawezekana shule ya mtaa wako inayo programu hiyo na hakuna aliyekuambia. Uliza ofisini kwa jina hilohilo la Kiingereza, hata ukilionyesha kwenye karatasi.

YMCA na vituo vya binafsi hutoza kwa juma au kwa mwezi, na kwa familia yenye watoto watano hesabu inatisha. Usiondoke ukishaona bei ya ukutani. YMCA nyingi hupunguza ada kulingana na kipato, lakini lazima uombe na upeleke hati za mshahara. Vilevile kila jimbo lina msaada wa malipo ya malezi ya watoto unaotokana na fedha za serikali kuu. Ni kwa watoto walio chini ya miaka 13 ambao wazazi wao wanafanya kazi au wanasoma na kipato chao hakijapita kiwango cha jimbo. Hadhi ya uhamiaji inayotazamwa hapo ni ya mtoto, si ya mzazi. Majimbo mengine yana foleni ndefu, basi omba mapema, hata kama kazi mpya inaanza mwezi ujao.

Tukimwandikisha, grini kadi yetu itaharibika?

Kama mliingia kama wakimbizi au mmepewa hifadhi, hapana. Kipimo cha kuwa mzigo kwa serikali (public charge), yaani kutazama kama mwombaji wa grini kadi atategemea misaada ya serikali, ambacho watu wanakiogopa sana, sheria haikiweki juu ya wakimbizi na waliopewa hifadhi. Nimeona familia zikikataa vitu vizuri kwa sababu ya maneno ya mtandaoni yanayohusu watu wa aina nyingine kabisa ya viza.

Kwa familia ambayo kesi yake ya hifadhi haijaisha, au isiyo na karatasi, jibu lina sehemu mbili. Shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hadhi yake. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe, iliyotokea Tyler, Texas, mahali ambapo wilaya ya shule ilikuwa ikiwatoza watoto wasio na karatasi dola 1,000 kwa mwaka ili wasome. Namba ya Social Security nayo si sharti la kuandikishwa shuleni. Lakini hukumu ile ni ya shule. Programu inayoendeshwa nje ya shule inaweza kuwa na masharti ya mfadhili wake, kwa hiyo fomu ikikuuliza hadhi, usiijaze hapohapo na usiandike uongo. Ichukue, mwonyeshe wakili wa uhamiaji au shirika la msaada wa kisheria kwanza.

Januari 2025 serikali ilifuta maelekezo yaliyokuwa yakiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya operesheni shuleni na makanisani ila kwa nadra. Hofu iliyoingia majumbani ni ya kweli na mimi simwambii mzazi asiogope. Ninamwambia aulize kituo: ofisa akifika mlangoni mnafanya nini? Mimi nisipofika, mtoto mnamkabidhi nani? Kituo kilichojiandaa kina jibu tayari. Na kwenye nafasi ya mtu wa dharura, andika ndugu au rafiki unayemwamini ambaye hadhi yake haina utata.

Naanzaje kumwandikisha?

Mapema. Nafasi nyingi za mwaka wa masomo hufunguliwa kuanzia majira ya kuchipua hadi Agosti, na hujaa. Ukiambiwa zimejaa, omba jina liingie kwenye orodha ya kusubiri, kisha piga simu kila baada ya muda, kwa maana watu huhama na nafasi hutoka katikati ya mwaka. Shirika lililowapokea huenda lina mtu wa mambo ya shule. Ofisi ya serikali ya kuwahudumia wakimbizi kwa miaka mingi imetoa fedha maalumu za kuwasaidia watoto wa wakimbizi shuleni, na wafanyakazi hao wanajua kituo gani kina nafasi.

Utaulizwa anwani, namba za simu, shule na darasa la mtoto, chanjo, dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru, na majina ya wanaoruhusiwa kumchukua. Mambo mawili yanatusumbua sisi kuliko wengine.

La kwanza ni majina. Kwetu watoto wa tumbo moja kila mmoja ana jina lake, na hata baba na mtoto huenda hawana jina linalofanana. Mtu wa mapokezi anatazama kitambulisho cha baba, anatazama jina la mtoto, anasita kumtoa. Anafanya kazi yake ya kumlinda mtoto. Andika majina ya wazazi wote wawili kwenye orodha ya wanaomchukua kama yalivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, na siku ya kwanza eleza kwamba hawa wote ni ndugu.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tuliandikiwa tarehe 1 Januari kambini, na mwaka nao wakati mwingine ni wa kukisia. Programu hupanga makundi kwa umri, hivyo mtoto anaweza kuwekwa na wakubwa au wadogo wasiomfaa. Sema mapema darasa analosoma na hali yake ilivyo.

Familia inayokaa kwa ndugu kwa sababu imekosa nyumba yake ina haki zaidi. Sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987 inaihesabu kama isiyo na makazi, na kila wilaya ya shule ina mtu wa kushughulikia familia hizo, pamoja na usafiri wa watoto. Muulize.

Sijui Kiingereza. Nitazungumza nao vipi?

Omba mkalimani. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, pamoja na hukumu ya Lau v. Nichols ya mwaka 1974 iliyoletwa na familia za Wachina wa San Francisco, ndizo msingi wa wajibu wa shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwafikia watu wa lugha nyingine. Mkalimani wa shule ni bure, na mara nyingi anapatikana kwa simu hapohapo. Taja lugha yako sawasawa. Kiswahili cha Bukavu na cha Dar es Salaam vinaelewana, lakini mama anayeelewa Kibembe au Kinyamulenge vizuri zaidi ana haki ya kusema hivyo.

Usimtumie mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe. Hata mtoto mwaminifu ataruka sentensi ya kwamba hakuleta kazi ya hesabu kwa majuma mawili, na ule mzigo wa kumwambia mama yake habari mbaya si wake.

Atarudije nyumbani?

Usafiri ndio unaoangusha mipango mingi. Basi la njano kwa kawaida huondoka mara tu vipindi vinapoisha. Baadhi ya shule zina basi la pili la jioni, nyingine hazina. Uliza hili kabla ya yote. Kule kaskazini, Desemba, jua linazama mapema mno. Portland, Maine, kunakuwa giza kabla ya saa kumi na moja jioni, na mtoto hawezi kutembea peke yake kando ya barabara yenye barafu.

Kuchelewa kumchukua kuna gharama. Vituo vingine hutoza hata dola moja kwa kila dakika, na ukichelewa mara kwa mara mtoto huondolewa. Dawa iliyofaulu kwa familia nyingi ninazozijua ni wazazi wanne watano wa mtaa mmoja kupokezana gari, kila mmoja jina lake likiwa kwenye orodha ya watoto wote. Kumbuka viti vya gari vya wadogo, maana polisi hawasamehi hilo.

Watamlisha nini?

Vituo vingi hutoa vitafunio, na vingine mlo kamili wa jioni, kwa fedha za serikali kuu. Kituo kikiwa kwenye eneo la shule ambayo angalau nusu ya watoto wanastahili chakula cha bure au cha bei nafuu, na kikiwa na shughuli za elimu, kinaweza kuwalisha watoto wote hadi miaka 18 bila kila mzazi kujaza fomu ya kipato.

Kwa Waislamu, Waadventista na wengine wasiokula nguruwe, kuandika neno nguruwe peke yake hakutoshi. Taja soseji, pepperoni ya kwenye piza, na gelatini ya peremende. Mwezi wa Ramadhani waambie mapema kama mtoto anafunga, ili asikae kwenye meza ya chakula wala kukimbizwa uwanjani bila watu kujua. Waadventista waseme pia kuhusu safari na mashindano ya Jumamosi.

Nitajuaje kwamba watu hao ni salama kwa mwanangu?

Nenda ukaone kwa macho yako, kwa saa ambayo hawakutegemei. Tazama kama mlango umefungwa na kama wamekuuliza wewe ni nani. Waulize kama wafanyakazi na wanaojitolea wamechunguzwa rekodi za polisi, mtu mzima mmoja ana watoto wangapi, nani anampeleka mdogo chooni, simu na kompyuta zinatumikaje, na picha za watoto zinawekwa wapi. Unaweza kukataa kusaini ruhusa ya picha; uliza kwanza kama mtoto bado atapokelewa. Familia iliyokimbia watu wanaoitafuta isaini karatasi hiyo kwa uangalifu.

Nyumbani, mwambie mtoto kwa lugha mnayoielewa kwamba hakuna mtu mzima wa kumwambia afiche kitu kwa mama yake. Tumelelewa kumtii kila mkubwa. Kwenye hili mtoto apewe ruhusa ya kukataa.

Ya kanisani ni sawa na ya shule?

Inaweza kuwa nzuri sana. Uliza tu kama kuna mafundisho ya dini na kama ni lazima. Programu inayotumia moja kwa moja fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumlazimisha mtoto kusali au kusoma maandiko.

Lakini kweli zinasaidia?

Zilizo nzuri, ndiyo. Nasema hivyo kwa makusudi, maana jina la programu peke yake halimsaidii mtoto. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa ajili ya wizara ya elimu ya Marekani, uliomalizika mwaka 2005, ulitazama vituo vya ule mfuko niliouelezea na haukuona alama za masomo zikipanda kwa ujumla. Watoto walijisikia salama zaidi saa za baada ya shule, lakini wengi hawakuwa wanahudhuria kwa mfululizo, na msaada wa masomo ulikuwa mwepesi. Mwaka 2010 Durlak, Weissberg na Pachan walikusanya tafiti nyingi kuhusu programu zinazofundisha watoto tabia na mahusiano. Zile zenye hatua zinazofuatana, zinazomshirikisha mtoto kwa vitendo, na zenye lengo lililo wazi, zilileta faida katika tabia na masomo pia. Zile zisizo na mambo hayo hazikuleta.

Kwa hiyo mzazi atazame mambo mawili: mtoto anakwenda siku zote alizoandikishwa? Na huko kuna mtu anayejua ni wapi anakwama? Muulize mfanyakazi swali moja: "Mwanangu anajifunza nini mwezi huu?" Akishindwa kukujibu, tafuta kwingine.

Atasahau Kiswahili?

Kituo hakimsahaulishi. Anasahau nyumba inapoacha kuzungumza naye. Msikubali ushauri wa mtu yeyote, hata akiwa mwalimu, wa kuongea Kiingereza kibovu na watoto ili wajifunze haraka. Mtoto mwenye lugha ya nyumbani iliyokomaa hujifunza ya pili juu ya msingi huo. Na mkiwa wengi kwenye kituo kimoja, ombeni siku ya hadithi na methali, mkajitolee wenyewe kuifundisha. Baadhi ya maktaba hununua vitabu vya Kiswahili zikiombwa.

Nina kijana wa miaka 17 aliyefika juzi. Kuna kitu kwa ajili yake?

Kipo, na yeye ndiye mwenye muda mchache. Anahitaji krediti za kumaliza sekondari kabla ya kufikia umri wa mwisho wa jimbo, ambao katika majimbo mengi ni miaka 21 au karibu na hapo. Mtafutie mahali pa kurudia masomo aliyokosa, pa kujifunza Kiingereza cha darasani, na mtu wa kumsaidia kujaza maombi ya chuo na ya FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo. Mkimbizi anastahili msaada huo wa fedha za masomo kama raia.

Wengi wanataka kazi, na familia inahitaji fedha. Kwa aliye na miaka 14 au 15 sheria ya serikali kuu inaweka mpaka: saa 3 kwa siku ya shule, saa 18 kwa juma la shule, na mwisho saa moja jioni. Wa miaka 16 na 17 mpaka huo haumhusu, majimbo yana yao, na hapo mzazi ndiye anayebaki kuwa breki. Kijana anayetoka ghalani usiku wa manane hawezi kukaa macho kwenye somo la kwanza.

Kwa wavulana na wasichana wanaopenda soka, mpira ni mlango mzuri. Clarkston, Georgia, mji mdogo uliopokea wakimbizi wa mataifa mengi, Luma Mufleh aliyezaliwa Jordan alianzisha timu ya watoto wakimbizi mwaka 2004. Baadaye aliongeza masomo baada ya kuona wachezaji wake hawawezi kusoma, na kutoka hapo ikazaliwa shule. Ikiwa kijana wako hataki kusikia neno masomo, anza na timu yenye saa ya masomo ndani yake.

Mwanangu ana ulemavu. Watamkubali?

Sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu inazikataza programu nyingi kumkataa kwa sababu hiyo tu, na inazitaka zifanye marekebisho yanayowezekana. Kama shule imemwandikia mpango wake wa masomo maalumu, kipe kituo nakala, na kwenye kikao cha mwaka omba shughuli za baada ya shule ziingizwe kwenye mazungumzo.

Hataki kwenda. Anasema wanamcheka.

Msikilize kwanza, usimwambie avumilie. Muulize nani, wapi, na walisema nini. Watoto wetu huchekwa kwa lafudhi, nywele, weusi wao, harufu ya chakula. Nenda kituoni na mkalimani, taja siku na tukio, uombe kujua watafanya nini na lini. Wasipofanya kitu, andika kwa mkuu wa shule, kisha wilaya. Wakati mwingine hakuna wa kumcheka, mtoto amechoka tu kusikia Kiingereza tangu asubuhi. Huyo mpunguzie siku badala ya kumwondoa kabisa.

Mimi sikusoma. Nitamsaidia nini?

Kaa mezani anapofanya kazi, simu ikiwa mbali. Mwambie akueleze kwa Kiswahili alichojifunza, maana mtoto anayeweza kueleza ameelewa, na akikwama umejua pa kumwomba mwalimu amsaidie. Hudhuria mikutano. Sheria inayouongoza ule mfuko wa serikali kuu inataka familia za watoto wanaohudumiwa zipewe nafasi ya kushiriki na kujifunza pia, ikiwemo kusoma na kuandika. Kwa hiyo uliza kama wana darasa la Kiingereza la wazazi. Kama hawana, ombeni mkiwa kundi.

Programu yetu imefungwa ghafla. Tufanye nini?

Fedha hizi hutolewa kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha mwendeshaji aombe upya akishindana na wengine. Kwa hiyo kituo kizuri kinaweza kufungwa bila kosa lake. Siasa nazo huingia: Julai 2025 serikali kuu ilizuia kwa majuma kadhaa fedha ambazo bunge lilikuwa limeshazipitisha, zikiwemo za programu hizi, kabla ya kuziachilia. Mwandikieni mjumbe wenu wa bodi ya shule na wa bunge. Asiye raia hapigi kura, lakini anaruhusiwa kusema kwenye kikao cha bodi, na mkalimani aombwe siku kadhaa kabla. Uliza kituo majina ya watoto yanahamishiwa wapi, na usisubiri barua. Maktaba ya umma inaweza kushikilia pengo kwa muda, ila maktaba hazilei watoto wadogo wasio na mtu mzima.

Na likizo ndefu ya Juni hadi Agosti?

Vituo vingi vina kambi za kiangazi, na maombi hufunguliwa wakati baridi bado kali, Januari hadi Machi. Chakula cha mchana cha bure hutolewa kwenye bustani, maktaba na shule kwa mtoto yeyote hadi miaka 18, bila kuandikishwa, katika vituo vilivyo wazi kwa wote. Kupata kilicho karibu nawe, piga 211 na useme neno "Swahili". Sehemu nyingi watakuunganisha na mkalimani.